Sura ya Saba: Ukoka wa Bei Ghali

Kati ya Daraja la Mkapa pale Rufiji na mji wa Lindi hakuna uwanja wa gofu hata mmoja. Viwanja vya mpira wa miguu vipo kila kijiji, bao linachezwa kila baraza, na Ruangwa kuna timu ya Ligi Kuu. Lakini mkazi wa Kilwa Masoko anayetaka kupiga gofu hana budi kwenda Nangurukuru, apande basi na kusafiri zaidi ya kilomita 300 mpaka Dar es Salaam. Wa Lindi ana kilomita 450 hivi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na mafuriko yakaikata barabara eneo la Somanga, hata safari hiyo haikuwezekana.

Hata hivyo wachezaji wapo. Wamo mameneja wa benki waliohamishiwa kusini, mafundi wa gesi ya Songo Songo, wakandarasi wa barabara, wafanyabiashara wa korosho, na wastaafu waliojifunza mchezo huu wakiwa Moshi au Arusha, wakarudi nyumbani na mfuko wa fimbo ambao sasa unakaa nyuma ya mlango. Msimu wa korosho ukifungwa na fedha zikiwa mkononi, utawasikia wakiulizana wajiunge klabu gani, na ada ile inawarudishia nini. Sura hii ni kwa ajili yao. Na kwa kuwa watu wengi huchagua klabu kwa kuangalia mgahawa, bwawa la kuogelea na magari yaliyoegeshwa nje, mimi nitaanza na nyasi.

Nyasi ya gofu katika ukanda wetu wa joto kwa kawaida ni ukoka. Ni ukoka huu huu unaotambaa kando ya njia ya kwenda Kivinje, ambao mkulima akiukuta shambani huung'oa huku akiulaani. Tofauti ni malezi. Kule Tifton, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, mtaalamu Glenn Burton alichanganya ukoka wa kawaida na ndugu yake mwembamba kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1956 ikatolewa aina iitwayo Tifgreen, laini na yenye kushonana kiasi kwamba inavumilia kunyolewa chini kabisa. Chotara huyo hana mbegu. Hupandwa kwa vipando, kama marando ya viazi vitamu, na mwenye uwanja anayetaka kupanda upya eneo lililokufa lazima awe na kitalu chake au akanunue vipando kwa mwenzake. Basi ukitembelea klabu, uliza kitalu kiko wapi. Klabu isiyo na kitalu huishia kuziba vidonda vyake kwa ukoka wa porini, na baada ya miaka michache grini zake huwa na mabaka ya rangi tatu.

Grini ni lile eneo dogo lenye shimo na bendera, na ndiko fedha nyingi za uwanja zinakokwenda. Nyasi yake hukatwa ikabaki na urefu wa milimita tatu au nne. Jani fupi kiasi hicho halina pa kujitengenezea chakula cha kutosha, kwa hiyo mmea unaishi kwa kulishwa na kunyweshwa, siku hadi siku. Mashine ya kukatia ikiharibika Ijumaa na kipuri kikachelewa wiki, wanachama wataona tofauti kabla fundi hajafika. Grini iliyojengwa kitaalamu inalala juu ya mchanga wa kina cha sentimita 30 hivi, na chini ya mchanga kuna kokoto za sentimita 10 za kupitishia maji. Mtindo huo ulitangazwa na chama cha gofu cha Marekani mwaka 1960 na bado ndio kipimo cha wajenzi wengi. Iliyojengwa kwa kusawazisha udongo tu hutuama maji wakati wa masika na kupasuka kiangazi.

Pwani inaongeza tatizo ambalo Arusha hawalijui: chumvi. Kisima kilichochimbwa karibu na bahari hutoa maji matamu mwanzoni. Pampu ikivuta kupita kiasi, maji ya bahari yanapenya chini kwa chini na kuingia kisimani. Hapo bwana shamba wa gofu anajikuta anamwagilia nyasi chumvi, ncha za majani zinageuka kahawia, kisha mabaka yanafuata. Dawa yake ni kumwagilia maji mengi kuliko nyasi inavyohitaji ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, dawa ambayo haifai kitu pale ambapo maji hayana pa kutokea. Ndiyo maana viwanja vipya vya pwani sehemu mbalimbali duniani vimegeukia paspalamu, nyasi ambayo kwa asili huota kwenye kingo za mikoko na hustahimili maji ya chumvi. Hata ukitembea kandokando ya hori la Kilwa Kisiwani unaweza kuikanyaga bila kujua kwamba kuna nchi watu wanainunua kwa mita ya mraba.

Kwa hiyo usikague uwanja wa pwani mwezi Aprili. Aprili kila mahali ni kijani, hata uwanja wa shule. Nenda Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya vuli, wakati kusi imekausha kila kitu. Ukifika kwenye grini ya kwanza, piga magoti na uangalie shimo lenyewe. Kipenyo chake ni milimita 108, dunia nzima, tangu mwaka 1891. Ukingo ukiwa mkali kama umekatwa asubuhi hiyo, ujue kuna mtu anayehamisha mashimo mara kwa mara ili nyayo za wachezaji zisiue sehemu moja. Ukingo ukiwa umebomoka na kupanuka, na kuzunguka shimo kumetokea duara la udongo mtupu, huna haja ya kuendelea hadi shimo la tisa ili kujua hali ya klabu. Kisha zama kwenye banka, lile shimo la mchanga la kumtega mchezaji. Mchanga wa ufukweni, uliojaa vipande vya makombe, hushikamana ukinyeshewa na kuwa sakafu. Klabu inayojali huleta mchanga uliooshwa na kuchekechwa. Nimewahi kulipa ada ya mgeni kwenye klabu moja nisiyoitaja nikakuta grini kadhaa zimefungwa na mapokezi hayakusema neno. Tangu hapo huzungumza kwanza na kedi, yule anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo, halafu ndipo nafungua pochi.

Kedi ndiye mkaguzi wa kweli. Anaujua uwanja kwa nyayo. Mwangalie anavyochuchumaa nyuma ya mpira: akiona nyasi inang'aa atakwambia imelala kuelekea shimoni na mpira utakimbia, ikionekana imefifia, imelala kukujia, na lazima ugonge kwa nguvu zaidi. Ukoka ndivyo ulivyo, una ulalo, na ulalo huo unaweza kuushinda hata mteremko mdogo. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mifuko ya watu, na elimu hii waliipata wakiwa bado hawana fimbo zao. Ukitaka kujua klabu inaendeshwaje, angalia kama makedi wana kivuli, maji ya kunywa, na siku yao ya kucheza. Pale makedi wanapocheza Jumatatu, uwanja hutunzwa na watu wanaouonea uchungu.

Sasa viwanja vyenyewe. Kwa mtu wa kusini, vya karibu ni viwili, vyote Dar es Salaam, navyo ni tofauti kama mchana na usiku.

Dar es Salaam Gymkhana ilianzishwa mwaka 1916, mwaka ule ule Waingereza walipoingia mjini na Wajerumani kuondoka. Uwanja wake umekaa katikati ya jiji, jirani na Hospitali ya Ocean Road na bustani ya mimea, kwenye ardhi ambayo enzi za ukoloni ilitenganisha makazi ya Wazungu na mitaa ya Wahindi. Leo eneo hilo ni miongoni mwa nafasi chache za wazi zilizobaki katikati ya maghorofa. Thamani ya uanachama pale haipimwi kwa gofu peke yake: kuna tenisi, kuna skwoshi, kuna kriketi, na zaidi ya vyote kuna mahali ulipo. Ofisa wa Lindi aliyeitwa wizarani anaweza kumaliza kikao saa tisa na saa kumi akawa yuko kwenye shimo la kwanza. Foleni ya Dar wote tunaijua, na mahali pasipohitaji kuvuka jiji pana bei yake.

Lugalo ni habari nyingine. Ni uwanja wa jeshi, ndani ya eneo la JWTZ kando ya barabara ya Bagamoyo, na raia wanakaribishwa kuwa wanachama. Ukifika unajisajili getini na unafuata taratibu za kambi, jambo linalowaudhi baadhi ya watu. Mimi sioni tatizo. Kuna nafasi, kuna miti, kuna mashimo 18, na kuna utamaduni wa mashindano: hapo ndipo huchezwa yale ya kombe la Mkuu wa Majeshi. Hoja yangu ya kuipenda Lugalo ni ya kiutunzaji zaidi. Taasisi yenye nguvu kazi, nidhamu na ardhi isiyouzwa ina faida ambayo klabu ya wanachama haina: haitalazimika kukata kipande cha uwanja ili kulipa bili ya maji. Kwa anayekuja kucheza tu, bila haja ya bwawa wala mgahawa, mimi ningeanzia hapo.

Ukivuka kwa boti kwenda Unguja, kule Mangapwani, hoteli ya Sea Cliff ina uwanja wa mashimo tisa unaoteremka kuelekea baharini. Ni mzuri wa macho, na uanachama wa mwaka kwa mtu wa Lindi hauna maana yoyote. Ulipie siku uliyokwenda, ufurahi, urudi.

Kaskazini ya mpaka wa Horohoro mambo yanabadilika. Pwani ya Kenya ina viwanja vingi zaidi, na ukivitazama kwa makini utaona alama ya zao moja: katani. Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, lilikuwa shamba la katani kabla ya kuwa mtaa wa majumba na uwanja wa gofu. Vipingo vilevile, kampuni ya katani bado ipo jirani. Huku bara yetu, Kili Golf karibu na Usa River imekaa kwenye lililokuwa shamba la kahawa, na TPC ya Moshi iko ndani ya mashamba ya miwa. Sababu haina siri. Uwanja wa mashimo 18 unataka hekta 50 au 60 zilizo pamoja, chini ya hati moja, zenye barabara na haki ya maji. Ukienda kwa wanakijiji mmoja mmoja, hekta hizo zina wenyewe mia, na kila mwenyewe ana mikorosho yake na makaburi ya babu zake. Mkoloni alikwisha kuzikusanya, tena kwa njia ambazo wazee bado wanazikumbuka. Aliyekuja baadaye na michoro ya gofu alikuta kazi imefanywa.

Vipingo Ridge ndiyo bora kwa nyasi katika ukanda wote huu, na hilo silioni kuwa la kubishaniwa sana. Uwanja wake wa Baobab ulisanifiwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, huyo huyo aliyesanifu Kili Golf, na tangu Desemba 2019 umepokea mashindano ya wanawake ya mzunguko wa Ulaya. Ya mwaka huo yalichukuliwa na Mjerumani Esther Henseleit. Lakini elewa unachonunua. Kule gofu ni sehemu ya mtaa wa nyumba, na ubora wa grini unalindwa na wenye nyumba ambao hawataki bei ya mali yao ishuke. Mtu wa Kilwa anayefika mara moja kwa mwaka anafaidi ubora huo kwa kulipa ada ya mgeni. Diani, ndani ya eneo la hoteli ya Leisure Lodge, kuna mashimo 18 kati ya mibuyu na nyani. Hapo pia lipa kwa siku, na usiuache mfuko wako wazi.

Kinachonivuta mimi ni Mombasa Golf Club, ya mwaka 1911, mashimo tisa tu juu ya jabali, kando ya barabara ya Mama Ngina, mahali meli zinapokata kona kuingia Kilindini. Msimu wa kusi upepo unatoka baharini na chumvi unaionja mdomoni. Mpira ulioupiga vizuri unarudishwa, ulioupiga vibaya unakwenda majini, na kwenye kibao cha alama vyote vinaandikwa mikwaju. Hakuna atakayesema grini zilizokaa mdomoni mwa bahari zinaweza kushindana na za Vipingo. Lakini kwa ardhi ndogo kiasi kile, mchezo mwingi kiasi kile sijauona kwingine. Nikiulizwa Lindi ingejifunza kwa nani, ningesema kwa hao.

Maana mazungumzo ya kujenga uwanja huku kusini yapo, na huwa yanaamka kila mara gesi inapotajwa. Likong'o, kaskazini kidogo ya Lindi mjini, serikali ilitenga zaidi ya hekta 2,000 kwa ajili ya mradi wa kuchakata gesi asilia kuwa kimiminika, mradi unaokadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni 40. Wapo wanaosema wahandisi wakija watataka gofu. Huenda. Watu wa kusini lakini wana kumbukumbu ndefu: Mpango wa Karanga wa serikali ya kikoloni ulianza 1947 kwa kishindo, ukafika Nachingwea, ukajengewa bandari Mtwara na reli, na mwaka 1951 ukafutwa, reli yenyewe iling'olewa miaka ya sitini. Uwanja wa mashimo 18 uliojengwa kwa ajili ya wageni huisha siku wageni wanapopanda ndege. Halafu kuna maji. Kiangazi, uwanja kamili wa ukanda wa joto unaweza kunywa lita milioni moja kwa siku, na Lindi ni mji uliousubiri mradi wa maji wa Ng'apa kwa miaka mingi huku akina mama wakinunua maji kwa ndoo. Mkurugenzi gani wa halmashauri atasimama mbele ya madiwani na kutetea bomba linalokwenda kwenye grini?

Inawezekana kucheza bila bomba hilo. Viwanja vingi vya zamani vya Afrika Mashariki vilikuwa na grini za mchanga: unasawazisha duara, unamwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu, unaushindilia, na kila mchezaji anayemaliza anavuta gunia au ubao kufuta nyayo zake. Oili leo tungeikataa kwa sababu ya udongo na visima, ila mchanga wenyewe, ukishindiliwa vizuri na kunyunyiziwa maji kidogo, unachezeka. Njia za kati zinaweza kubaki ukoka wa kawaida, unaokauka Agosti na kufufuka Desemba mvua zikianza. Mashimo tisa, hekta 20 au 25, mikorosho ikiwa mipaka, mbuzi wakipunguza nyasi. Anayecheka akumbuke kwamba huko Scotland mchezo huu ulikulia kwenye mchanga wa pwani uliolishwa kondoo. Old Course ya St Andrews hadi leo iko kwenye ardhi ya umma ya mji, chini ya mfuko ulioundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1974. Wakazi wana tiketi yao ya mwaka, na Jumapili gofu husimama, watu wakatembea humo na mbwa wao. Uwanja maarufu kuliko wote duniani si wa klabu.

Mpaka Lindi ipate wake, hesabu ni hii. Chukua mfano, tarakimu ni zangu za kufundishia tu: kiingilio shilingi milioni 3, ada ya mwaka milioni 1.5, na mgeni asiye mwanachama analipa 80,000 kwa mzunguko. Kiingilio ukikigawa kwa miaka kumi ni 300,000 kwa mwaka, kwa hiyo uanachama unakugharimu milioni 1.8. Gawanya kwa 80,000: unahitaji kucheza mara 23 kwa mwaka ndipo uanze kufaidi. Anayekwenda Dar mara moja kwa mwezi na kucheza kila safari anafikisha 12. Huyo alipe kama mgeni, fedha iliyobaki anunue nauli na mipira. Anayelala Dar wikiendi nzima na kucheza Jumamosi na Jumapili anafikisha 24, na hapo uanachama unaanza kuleta maana. Kwenye hesabu hiyo kedi hayumo, kwa sababu unamlipa vyovyote vile.

Kabla hujasaini fomu, muulize katibu wa klabu kama kuna daraja la mwanachama anayeishi mbali. Klabu kadhaa za kanda hii zina ada nafuu kwa mtu ambaye anwani yake iko nje ya umbali fulani, na mara nyingi haitajwi mpaka uulize. Uliza pia klabu gani nyingine zinawapokea wanachama wake, na kwa masharti gani, kwa sababu kadi ya Dar inayokufungulia mlango Mombasa na Moshi ina thamani kuliko jengo jipya la mapumziko. Uliza kama ada inasimama ukihamishwa kikazi. Barua iandike kwa anwani ya Lindi au Kilwa Masoko, uambatanishe utambulisho wa mwajiri, na uombe uwanja uuone mwezi wa tisa.